Lango moja, vyumba thelathini na tano: shajara ya mradi wa 472 kHz, Tanga

27 Septemba, Sahare

Nimefungua daftari jipya kwa sababu la zamani limejaa namba ambazo mwenyewe sizielewi tena. Mradi ni huu: vituo viwili vya redio ya ridhaa, kimoja hapa Tanga na kingine Bagamoyo, vitumie bendi ya mita 630 bila kupotezana na bila kuzama kwenye kelele za majumbani.

Bendi yenyewe inaanzia 472 kHz na kuishia 479. Kilohezi saba, basi. Ilitolewa kwa watu wa ridhaa na mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa 2012, nasi ni watumiaji wa daraja la pili humo, kwa kawaida kwa nguvu isiyozidi wati 1 ya EIRP, yaani nguvu inayorushwa na anteni yenyewe, si ile inayotoka kwenye transimita. Mtu mmoja akiongea kwa SSB, mtindo wa kawaida wa sauti kwa watu wa ridhaa, anakula karibu kHz 2.7, kwa hiyo wawili tu wakikaa, wa tatu hana pa kuweka mguu. Ndiyo maana huku chini hakuna gumzo, kuna Morse na mitindo ya dijitali iliyo myembamba kama uzi. Mpango wa IARU, umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa, wa Kanda ya 1, ambayo ndiyo yetu, unaweka 472 hadi 475 kwa Morse peke yake, na 475 hadi 479 kwa Morse na dijitali pamoja.

Maombi ya kibali cha kutuma tutayapeleka tukiwa na mpango mkononi. Hadi hapo ni kusikiliza tu, na transimita inapiga kwenye mzigo bandia, kifaa kinachomeza nguvu bila kurusha wimbi.

4 Oktoba

Waya umepanda. Mita 12 kwenda juu, kisha mita 40 za mlalo kati ya minazi miwili, zimefungwa kwa kamba ya katani (tuko Tanga, ningefunga kwa nini tena?). Vihami ni shingo za chupa za soda. Ardhini kuna mabomba manne ya shaba na waya uliozungushwa hadi kisimani, kwa kuwa chini ya futi mbili hapa unagonga matumbawe.

Robo ya wimbi kwenye 475 kHz ni karibu mita 158. Mimi nina 12. NanoVNA, kipimo changu cha anteni, inasema kapasita ya waya ni pikofaradi 265 na ukinzani wote ni ohm 46 na ushei. Katika hizo 46, zinazorusha wimbi kweli hazifiki hata ohm moja. Kwa hesabu yangu ni kama nusu. Nyingine zote zinapasha moto matumbawe. Ili kufikia ile wati 1 ya EIRP itabidi nisukume wati 30 hivi, na juu ya koili kutakuwa na volti elfu moja na kitu. Watoto wa jirani wanaofuata mpira upande ule itabidi wazungushiwe uzio kabla ya siku hiyo.

Koili imesukwa kwenye ndoo ya lita 20, mizunguko 39, na ndani yake nimeweka koili ndogo inayogeuka kwa kijiti ili niweze kusogeza. Faida ya hasara hizo zote ni kwamba anteni haina wivu: upana wake ni kHz 17, bendi nzima inaingia na kutoka bila kuigusa. Nimeliandika hili kwa kalamu nyekundu kwa sababu mpango wowote wa kuhamahama unategemea hapo. Huwezi kupanga kuhama kama kila ukihama lazima utoke nje na tochi ukageuze kijiti.

9 Oktoba

Usiku wa kwanza wa kurekodi. Nimeigawa bendi vipande vya Hz 200, vinatoka 35. Kompyuta inapima kelele ya kila kipande kila saa, kwa hiyo kwa siku napata visanduku 840 vya jedwali.

Nilichotarajia ni bahari tulivu yenye visiwa vichache vya kelele. Nilichokiona kwenye skrini ni jamvi. Mistari, mistari, mistari, mingi imeachana Hz 100 kwa sababu kila adapta ya ukutani inapumua mara 100 kwa sekunde na umeme wetu wa Hz 50. Kati ya mstari na mstari kuna pengo. Ishara ya WSPR, mtindo wa dijitali wa kupima mawimbi hafifu yanafika wapi, ina upana wa Hz 6 hivi. Inapita katikati ya pengo hilo bila kugusa kuta. Kwa hiyo hata kipande kinachoonekana kimejaa kinaweza kuwa na nafasi, mradi ujue mistari iko wapi *usiku huo*. Jana ilikuwa kwingine.

18 Oktoba

Saa mbili na dakika kumi usiku umeme ulikatika mtaa mzima. Nilikuwa nimewasha kila kitu kwa betri kwa ajili ya jaribio jingine, kwa hiyo redio haikushtuka. Skrini ndiyo iliyoshtuka. Lile jamvi lilitoweka kana kwamba mtu amelikunja na kuondoka nalo. Kipimo cha kelele kilianguka desibeli 17.

Kilichobaki kilikuwa mipasuko ya radi za mbali, kutoka bara huko, tak… takatak… na chini yake, mstari mmoja mwembamba ulioingia na kutoka wenyewe kwa wenyewe. Nilipanda hadi 518 kHz, nikakuta NAVTEX, zile taarifa za hali ya bahari kwa meli, inasomeka herufi kwa herufi. Kwa wiki mbili nilikuwa naipata vipande vipande nikalaumu anteni.

Nje watu walikuwa wanalalamika, mtu anatafuta mshumaa, mwingine anauliza kama ni huku tu au hadi Raskazone. Mimi nimekaa gizani naomba usirudi. Ulirudi baada ya dakika 52, na jamvi likatandikwa upya, isipokuwa mstari mmoja haukurudi papo hapo. Ulikuja baada ya dakika tano, peke yake, kwenye 475.3, ukaanza kupanda taratibu kuelekea juu.

19 hadi 25 Oktoba

Wiki nzima nimekuwa nikimfuata huyu mtu wa 475.3. Kila jioni anatokea baada ya isha, anaanza 475.30, na ndani ya dakika arobaini anafika 475.79. Mwishoni mwa safari yake anaingia kwenye dirisha la WSPR, 475.6 hadi 475.8, yaani analala mlangoni kabisa mwa chumba kinachotumiwa na dunia nzima.

Ufunguo ulikuwa kwenye bendi nyingine. Kwa kuwa SDR, redio yangu ya kompyuta, inarekodi pia bendi ya ridhaa iliyo chini zaidi, ya mita 2200, 135.7 hadi 137.8 kHz, niligundua mstari unaoanza 135.80 na kufika 135.94 kwa muda uleule. Mmoja umesogea Hz 140, mwingine Hz 490. Gawanya: mbili kwa saba. Basi hawa si wawili, ni mmoja mwenye masafa ya msingi ya 67.90 kHz, hamoniki yake ya pili (masafa hayo mara mbili) inaangukia kwenye bendi ya chini na ya saba (mara saba) inaangukia kwetu. Akipata joto anasogea Hz 70 tu, lakini kwangu Hz 70 hizo zinafika zikiwa 490.

Nikachukua redio ndogo na anteni ya duara, ile ya kugeuza hadi sauti izame, nikatembea. Ilinipeleka nyumba ya tatu, kwa bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Na hilo duara, unatega nini?"

Nikamweleza kwamba kuna kitu ndani kinapiga kelele ambayo sikio haliisikii. Akacheka, akasema kelele ndani mwake ni za wajukuu tu. Ilikuwa adapta ya king'amuzi. Anakiwasha wakati wa tamthilia, na adapta imebanwa nyuma ya kabati pasipo hewa, ndiyo maana inapanda joto. Nikauzungusha waya wake mara saba kwenye pete ya feraiti niliyokuwa nayo mfukoni. Kelele ilipungua desibeli 8. Kupungua si kuisha.

Ningeweza kumnunulia adapta nyingine, na huenda nitafanya hivyo. Lakini nikihesabu nyumba zinazoonekana kutoka darini kwangu ni kumi na tisa. Siwezi kuwa mkaguzi wa adapta wa Sahare. Bibi ana haki ya tamthilia yake, mimi nina vipande 35. Mwenye kuhama ni mimi.

Nimeongeza safu kwenye jedwali: "saa ya tamthilia".

8 Novemba

Vuli imeingia kwa kishindo. Usiku mbili radi tupu, hakuna cha kupima. Ila nimejifunza kitu: kelele ya radi inapanda sawasawa kwenye vipande vyote 35. Inaamua kama usiku huo ufanye kazi au ulale, haikusaidii kuchagua uende wapi. Kinachochagua ni kelele za watu. Nimeziondoa saa za radi kwenye wastani, jedwali likatulia.

Asubuhi baada ya mvua nilipima anteni. Kamba ya katani ikilowa inafupika, waya wa mlalo ulikuwa umekazwa kama uzi wa zeze na umesogelea kuti moja bichi lenye maji. Kapasita ilitoka 265 hadi 273. Asilimia tatu tu, lakini inasogeza mahali anteni inapoitikia kwa asilimia moja na nusu, kwenye 475 hiyo ni kHz 7. Kwa upana wa kHz 17 bado ninavumilia, nageuza kijiti kidogo na maisha yanaendelea.

Halafu nikafanya hesabu hiyohiyo kwa bendi ya mita 2200. Asilimia moja na nusu ya 136.7 ni kHz 2 na ushei. Bendi nzima ina upana wa kHz 2.1! Na anteni hii kule ingekuwa na upana usiofika kHz 2, koili ya milihenri 5, wati kama 500 za kusukuma, na zaidi ya volti 12,000 kwenye waya uliofungwa kwa shingo za chupa za soda. Kuti moja likilowa, kituo kimehama bendi bila ruhusa yangu. Mita 2200 imeahirishwa. Sina haya kuliandika.

22 Novemba, Bagamoyo

Nimekuja kumtembelea mwenzangu wa upande wa pili. Ni mzee mstaafu aliyefanya kazi ya redio melini, anaishi njia ya Kaole, na risiva yake iko mezani karibu na dirisha linalotazama minazi na kipande cha bahari. Kwa mstari ulionyooka tumeachana kilomita 150 na ushei, na sehemu kubwa ya njia hiyo inaweza kupita juu ya maji ya chumvi. Kwa masafa ya chini hilo ni jambo kubwa: maji ya bahari yanapitisha umeme mara mamia kuliko ardhi kavu, kwa hiyo wimbi linalotambaa linafika mbali bila kungoja anga la usiku. Hii ndiyo sababu hasa ya kuchagua Tanga na Bagamoyo badala ya Tanga na Korogwe, ambako ni karibu zaidi lakini ni nchi kavu.

Tulianza vibaya. Jedwali lake lilionyesha utulivu mkubwa saa nilizokuwa na kelele kubwa, na kinyume chake, nikawa tayari nimetunga nadharia nzima ya kwa nini. Kumbe Mzee ameandika "3:00" akimaanisha saa tatu usiku, yaani saa 18 kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, na mimi nikaingiza kwenye kompyuta kama saa 3 UTC. Saa tisa za makosa. Nadharia ikaenda kapuni. Kuanzia leo daftari zote mbili zina UTC pembeni na saa ya Kiswahili katikati, maana Mzee amekataa kabisa kuiacha.

Baada ya kusahihisha, kilichobaki kilikuwa cha maana zaidi kuliko ile nadharia. Saa mbili usiku, katika vipande vyangu kumi vilivyo safi zaidi, vitatu tu ndivyo vilivyo safi kwake. Yeye ana kiwanda kidogo cha barafu jirani, mimi nina tamthilia. Kelele inakaa masikioni mwa anayesikiliza. Kwa hiyo mimi kukaa Tanga na kuchagua kipande ambacho *mimi* nakiona safi ili nitumie, ni kazi bure; anayepaswa kunichagulia ni Mzee, nami nimchagulie yeye. Kila mtu arushe mahali ambapo mwenzake ana utulivu, hata kama ni vipande viwili tofauti.

"Sasa tutakutana wapi?" nikamuuliza. "Kila mtu akihama, nani atamjua mwenzake yuko chumba gani?"

Akaweka kikombe chini. "Kijana, hilo lilikuwa na jibu wewe hujazaliwa. Melini tulikuwa na 500."

Akaeleza. Kwenye Morse ya baharini, 500 kHz ilikuwa ya kuitana na ya hatari tu. Meli inaita pale, ikijibiwa mnakubaliana, mnahamia masafa ya kazi, 425, 454, 468, 480 au 512, mnamaliza shughuli zenu huko, mnarudi kusikiliza 500. Hakuna aliyepiga soga mlangoni. Na mara mbili kila saa, dakika ya 15 hadi 18 na ya 45 hadi 48, wote kimya: dakika tatu za kusikiliza kama kuna mnyonge anayelia. Saa ya chumba cha redio ilikuwa na vipande vyekundu mahali hapo. Mfumo ule ulifikia mwisho mwaka 1999, GMDSS, mfumo mpya wa usalama wa meli unaotumia satelaiti na redio za dijitali, ulipochukua kazi yote. 500 iko kilohezi 21 tu juu ya mwisho wa bendi yetu, na mimi nimekuwa nikihangaika na majedwali kwa miezi miwili kutafuta kitu kilichokuwa juu ya meza ya jirani.

29 Novemba

Mpango umepata umbo. Lango ni moja na halihami: 473.7 kHz, katikati ya kipande cha 9, ndani ya eneo la Morse. Sikukichagua kwa kuwa ndicho safi zaidi, kuna vingine safi kukizidi saa za alfajiri. Nimekichagua kwa kuwa ndicho pekee ambacho, Tanga wala Bagamoyo, hakikuingia kwenye kumi vibaya saa yoyote ile. Lango halihitaji kuwa zuri, linahitaji lisiwe baya hata siku moja.

Langoni ni Morse ya taratibu: jina la kituo, na namba mbili. Namba hizo ni kipande ambacho *nataka kukusikia*. Nawe unajibu na chako. Kisha kila mmoja anahama. Dirisha la WSPR tumelizungushia ua kwenye jedwali, hatuingii kabisa, hata likiwa safi. Pale ni kisima cha wote.

Kuhusu usahihi wa masafa sikupoteza muda. Kosa la sehemu moja kwa milioni, kwenye 475 kHz, ni nusu ya Hz. Watu wa MHz 28 ndio wa kulia na hilo.

13 Desemba

Mazoezi. Kwa kuwa 472 bado hatutumi, tumefanya igizo kwenye bendi ya mita 40, ambako sote tuna ruhusa, mchana, nguvu kidogo. Tukavipa vipande 35 namba zilezile kule juu na kujifanya tuko chini.

Jaribio la kwanza tulipotezana ndani ya dakika nne. Nilisikia "22" yeye akiwa amepiga "23", nikahama, naye kahama, nikamngoja, akaningoja. Simu ikaokoa. Jaribio la pili tukaongeza kurudia namba mara mbili. Tukapotezana tena, safari hii kwa kuwa wote wawili tulisikia kelele na kila mmoja akaamua kurudi langoni kwa wakati wake, nikafika yeye ameshaondoka kunitafuta chumbani.

Hapo ndipo dakika za Mzee zilipofanya kazi ambayo hata yeye hakuwa ameifikiria. Kanuni ikawa: ukimpoteza mwenzako usimtafute. Kaa kimya, ngoja 15 au 45 ijayo, nenda langoni, sikiliza dakika tatu. Katika dakika hizo tatu kompyuta nayo inapima kelele upya, kwa kuwa hakuna kati yetu anayerusha, kwa hiyo namba za vyumba vya nusu saa inayofuata zinakuwa mbichi. Tulipotezana mara tano baada ya hapo, nyingine kwa makusudi, na mara zote tano tulikutana bila simu.

3 Januari

Kaskazi inavuma, radi zimepungua, usiku una utulivu ambao sijauona tangu nianze. Chumvi imeanza kuganda kwenye shingo za chupa. Nimezifuta kwa kitambaa na maji ya kisima, hasara ikapungua ohm 3.

Bibi amenunua adapta mpya mwenyewe, ya zamani ilikufa. Mpya haina mstari 475 wala 135.8. Iko na mwingine, mnene, kwenye 477.1, na haisogei. Nimefuta safu ya "saa ya tamthilia" na kukipiga msalaba kipande cha 26. Jedwali zima lilibadilika kwa dakika mbili na lango halikuguswa.

10 Januari

Maombi yamekamilika: mchoro wa anteni, hesabu ya EIRP, jedwali la vipande, kanuni za lango, picha ya uzio wa watoto. Kesho yanapelekwa.

Jioni Mzee amenitumia picha ya saa yake ya ukutani. Amepaka vipande viwili vyekundu, 15 hadi 18 na 45 hadi 48, kwa rangi ya kucha ya mjukuu wake. Nilipoikuza picha nikalinganisha na muda wa ujumbe: saa inachelewa dakika mbili. Nimempigia. Amesema anajua, betri ataibadilisha kibali kikija.